Usiichune Ile Ngozi: Maswali ya Wasomaji kuhusu Malengelenge ya Miguu

Toleo lililopita lilibeba makala kuhusu safari ndefu za miguu milimani, na barua zilizofuata hazikuuliza habari za mapafu wala magoti kama nilivyotarajia, bali karibu zote ziliuliza habari za malengelenge. Nimezisoma kwa huruma, kwa sababu ninajua jinsi mtu anavyoweza kujiandaa kwa miezi kadhaa, akafika kileleni na nguvu zake zote, kisha akashindwa kushuka ngazi za nyumbani kwake kwa ajili ya kidonda kisichozidi ukubwa wa kifungo cha koti. Nimechagua barua sita, nikazipanga kwa namna itakayomfaa hata yule ambaye hivi sasa ameketi, kiatu amekivua, na hajui aanze na lipi.

Swali: Shikamoo, Daktari. Jana nilirudi kutoka mlimani baada ya kutembea siku tatu. Nyuma ya kisigino cha kulia pametokea lengelenge lenye upana wa sarafu, limejaa maji, limekaza, na siwezi kuvaa kiatu chochote. Rafiki niliyepanda naye ananihimiza nilitumbue mara moja. Mama ananikataza hata kuligusa. Nimfuate nani? — Mpandaji mgeni

Jibu: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako na mama yako wote wana hoja, ila kila mmoja ana lengelenge lake akilini, na ili uone lako ni lipi, yafaa kwanza ujue kilichotokea ndani ya kiatu.

Watu wengi hudhani kwamba lengelenge hutokana na kiatu kuisugua ngozi kwa juu, kama msasa unavyosugua ubao. Msuguano wa juu huchubua. Lengelenge huanzia ndani. Unapotembea, jasho huifanya soksi igandamane na ngozi ya kisigino, ngozi ya nje ikabaki imeshikwa mahali pamoja, ilhali mfupa ulio chini yake unaendelea kupanda na kushuka kwa kila hatua. Tabaka za ngozi zilizo katikati huvutwa huku na huku, maelfu ya mara kwa siku, mpaka zinachanika na kuachana, na ndani ya saa chache uwazi huo hujaa maji yaliyochujika kutoka katika damu. Ndiyo maana malengelenge ya kutembea hutokea kwenye visigino, nyayo na vidole, ambako ngozi ni nene na imeshikamana sana na nyama ya chini yake, wala si mahali penye ngozi nyembamba, ambako msuguano uleule ungeleta mchubuko tu.

Kwa hiyo maji unayoyaona si uchafu wala sumu inayopaswa kutolewa kwa haraka. Chini yake ukarabati umekwisha kuanza: katika siku ya kwanza chembe hai za ngozi zilizoko chini ya maji hugawanyika kwa kasi kubwa, na kufikia siku ya tano hivi huwa zimekwisha kutandaza tabaka jipya la nje. Kazi hiyo yote hufanyika chini ya paa la ngozi ile iliyoinuka, ambayo imekatwa kwa kipimo cha kidonda chako hasa, haina vijidudu kwa ndani, inahifadhi unyevu, na inaifunika mishipa ya fahamu ambayo ingepigwa na hewa ungelia. Sijawahi kuona plasta inayoishinda. Yote nitakayowaandikia leo wewe na wenzako yanarudi kwenye jambo hilo moja, kwamba ngozi ile isichunwe.

Lengelenge dogo lisilouma, au lililo mahali pasipobeba uzito, liachwe kama mama anavyosema. Lifunike tu lisiguswe, na maji yake yatanyonywa na mwili yenyewe. Lakini la kwako ni kubwa, limekaza, na liko mahali ambapo kiatu au shuka la kitandani litalipasua wakati wowote, na likipasuka lenyewe kwa kawaida hupasuka vibaya, paa likakunjamana na kung'oka. Hilo ni afadhali litolewe maji kwa mkono ulio msafi. Ninasema litobolewe, sisemi litumbuliwe, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya kupona wiki hii au wiki mbili zijazo.

Nawa mikono kwa sabuni, kisha osha mguu mzima na uukaushe. Pangusa lengelenge na ngozi inayolizunguka kwa spiriti. Hapa spiriti inafaa kwa sababu ngozi bado ni nzima. Tumia sindano mpya iliyotoka katika pakiti iliyofungwa, na kama huna, chemsha sindano ya kushonea kwa dakika 10 hivi, kwa maana kuipitisha motoni huiachia masizi ambayo utayaingiza kwenye kidonda. Usichome katikati. Tafuta ukingo wa lengelenge, upande ule ulio chini unaposimama, ili kila hatua iyasukume maji yatoke yenyewe, kisha ilaze sindano ilingane na ngozi na utoboe matundu madogo mawili au matatu. Hutasikia maumivu, kwa sababu paa lile halina tena fahamu. Weka kipande cha shashi safi upande wa pili na ukandamize taratibu, na utaiona ngozi ikinywea, ikikunjana kidogo, halafu ikilala mahali pake. Hapo ndipo vidole vya watu wengi huwashwa kuivuta. Usiivute. Paka mafuta ya mgando kidogo, funika kwa shashi isiyogandamana, na uizuie kwa plasta isiyogusa paa lenyewe.

Ukiamka kesho ukakuta limejaa tena, usidhani umekosea; ni kawaida, na unarudia hatua zilezile kupitia matundu yaleyale. Uchunguzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1968 ulionyesha kwamba paa la ngozi hushikamana vizuri zaidi na nyama ya chini pale lengelenge linapotolewa maji mara 3 katika saa 24 za kwanza, na kwa uzoefu wangu ushauri huo haujachuja.

Yapo malengelenge ambayo kwayo mama yako ana haki moja kwa moja. Lililojaa damu lisitobolewe, kwa kuwa jeraha lake limefika chini zaidi, penye mishipa ya damu, na mlango ukifunguliwa vijidudu huingia kwa kina hichohicho. Vilevile mtu mwenye kisukari, mwenye mzunguko hafifu wa damu miguuni, au ambaye kinga yake ya mwili imepungua, asijitoboe mwenyewe hata kama sindano yake ni safi namna gani.

Swali: Daktari, nimechelewa kukuuliza. Nilikwisha kuikata ngozi yote kwa mkasi wa kucha, nikidhani kidonda kitakauka upesi. Sasa pamebaki wekundu mtupu unaotoa majimaji, na hata maji ya kuoga yananitoa machozi. Je, nimeharibu kabisa? — Mwenye haraka

Jibu: Hujaharibu kabisa, ndugu yangu, ila umeiongezea safari yako ya kupona siku kadhaa na maumivu ambayo hayakuwa lazima. Ninakuelewa, kwa sababu nikiwa kijana nilifanya hivyohivyo baada ya matembezi ya siku mbili. Nilifika usiku nimechoka, nikaichuna ngozi ya kisigino, nikavaa soksi safi juu ya kidonda kitupu na kulala. Asubuhi soksi ilikuwa imeshikana na mwili kana kwamba imeshonewa, nami nikaivuta kwa mara moja. Ile damu iliyochirizika hadi kwenye kifundo ndiyo iliyonifundisha kwamba kitambaa kilichogandamana na kidonda hakivutwi, bali mguu hutumbukizwa katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 au 15, mpaka kinaachia chenyewe.

Anza kwa kukiosha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni isiyo kali. Kama kuna ngozi iliyobaki na bado imeshikilia upande mmoja, ikunjue kwa pamba iliyoloa na uilaze juu ya kidonda. Kipande kilichojiviringa, kikavu na kichafu, hicho tu ndicho unachoweza kukipunguza kwa mkasi uliosafishwa. Spiriti sasa ikae mbali. Spiriti, iodini na peroksidi ya hidrojeni, zikimwagwa juu ya nyama isiyo na ngozi, haziui vijidudu peke yake, bali huua pia chembe changa za ngozi zinazojaribu kutambaa kutoka pembeni, na kidonda kikawa kinarudishwa nyuma kila asubuhi na mwenyewe akidhani anakitibu.

Wazo la kwamba kidonda lazima kikauke ndilo lililokuponza, na ningependa tuliache sote. Chembe za ngozi mpya husafiri juu ya uso wenye unyevu. Kidonda kikikaushwa na kufanya gaga, zinalazimika kupenya chini ya gaga hilo gumu, na kwenye kisigino gaga lenyewe hupasuka kila unapoukunja mguu. Paka mafuta ya mgando ya kutosha, weka shashi isiyogandamana, ubadilishe kila siku au kila ikiloa.

Kama unaweza kupata plasta ya haidrokoloidi, yaani ile inayonyonya majimaji ya kidonda na kukihifadhi kikiwa na unyevu, hiyo ndiyo inayokaribia zaidi kuwa paa la kuazima. Kausha vizuri ngozi ya pembeni, chagua plasta inayozidi kidonda kwa sentimita 1 au 2 kila upande, iweke katikati ya viganja kwa dakika moja ipate joto, kisha ibandike na uikandamize bila mkunjo. Baada ya muda utaona katikati yake panageuka peupe na kufutuka. Wasomaji watatu wameniandikia kwa hofu kwamba huo ni usaha. Sivyo, ni ute unaofanyika plasta inaponyonya majimaji ya kidonda. Iache siku kadhaa, hadi ianze kubanduka yenyewe pembeni, na ukiitoa usiivute kwenda juu, bali ishike ncha uinyooshe sambamba na ngozi mpaka gundi iachie. Plasta hiyo isiwekwe juu ya lengelenge ambalo paa lake bado ni zima, kwa kuwa wakati wa kuibandua itaondoka na paa, wala isiwekwe kamwe juu ya kidonda chenye dalili za uambukizo.

Swali: Katika kundi letu la matembezi kuna wanaopitisha sindano yenye uzi katikati ya lengelenge na kuuacha uzi humo usiku kucha ili maji yaendelee kutoka. Wengine hupaka dawa ya meno, na wapo wanaoloweka miguu katika maji ya chumvi kali. Lipi kati ya hayo ni sahihi? — Kiongozi wa kundi

Jibu: Nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kuwaongoza wenzako. Uzi kweli hutoa maji, na hiyo ndiyo sababu desturi hiyo imedumu miongoni mwa watembeaji na wanajeshi. Tatizo ni kwamba uzi unaonyonya maji kwenda nje huwa pia njia ya kuingilia, na nusu yake iliyoning'inia nje hushinda ndani ya soksi na jasho, ikibeba uchafu hadi kwenye uwazi ambao ulikuwa salama. Matundu mawili ukingoni yanafanya kazi hiyohiyo bila kuacha kitu ndani.

Dawa ya meno ina viungo vya kusugulia na vya kuleta ubaridi, ambavyo huwasha ngozi iliyojeruhiwa. Mtu huhisi ubaridi kwa muda akadhani ni nafuu. Maji ya chumvi kali juu ya kidonda kilicho wazi yanaumiza bure na kuikausha ngozi changa. Kuuosha mguu kwa maji safi na sabuni kunatosha, na kunashinda yote hayo.

Swali: Je, mtu afanye nini lengelenge linapotokea safari ikiwa bado ina siku mbili mbele na hakuna namna ya kupumzika? — Asiyependa kurudi njiani

Jibu: Lengo katika hali hiyo ni kuliondolea mzigo lengelenge, kuliko kulifunika tu. Chukua pedi nene yenye gundi, ya sponji au felti, ukate tundu katikati lenye upana unaozidi lengelenge kidogo, uibandike ili ilizunguke kama ngata, lengelenge likae ndani ya tundu pasipoguswa. Unene wa pedi uzidi kimo cha lengelenge. Pedi ikiwa nyembamba, weka mbili juu ya nyingine. Ndani ya tundu tia mafuta ya mgando, juu yake shashi, kisha zungushia plasta pana iliyonyooshwa vizuri, pembe zake zikiwa zimekatwa kwa mviringo ili soksi isizikunje.

Halafu kitazame kiatu chenyewe, kwa sababu kilicholeta lengelenge bado kipo. Kisigino kinachopanda na kushuka ndani ya kiatu hutulizwa kwa kufunga kamba upya: pitisha kila ncha katika tundu la mwisho la upande wake ili ifanye kitanzi kidogo, kisha ingiza kila ncha katika kitanzi cha upande wa pili kabla ya kuzivuta na kufunga. Kila mnapopumzika vua viatu na soksi, acha miguu ipate hewa, badilisha soksi zilizoloa. Na usikubali kuchechemea siku nzima, maana uzito ukihamia ukingo wa mguu, utaamka na lengelenge la pili na goti linalouma. Ikiwa huwezi kutembea pasipo kuchechemea hata baada ya hayo yote, ninakuomba ufikirie tena neno lako la kutopenda kurudi.

Swali: Mume wangu ana kisukari na mwezi uliopita alijiunga na matembezi ya kazini. Alirudi na lengelenge chini ya kidole kikubwa ambalo yeye mwenyewe hakulihisi, nililiona mimi. Anasema ni jambo dogo. Nitajuaje kama limekuwa hatari? — Mke mwenye wasiwasi

Jibu: Mama, wasiwasi wako una msingi, na kule kutolihisi ndiko kunakonitia hofu zaidi. Kisukari cha muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu ya miguu, mguu ukafa ganzi, na maumivu ambayo kwa mtu mwingine yangesema "simama" hayafiki. Wakati huohuo mzunguko hafifu wa damu huchelewesha uponyaji. Mpeleke kwa mhudumu wa afya sasa, ingawa lengelenge linaonekana safi, wala msilitoboe nyumbani, wala msibandike plasta ya haidrokoloidi bila ushauri. Tangu leo miguu yake ikaguliwe kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, kwa macho yako au kwa kioo.

Kwa wasomaji wengine wote, dalili za uambukizo ni hizi. Maumivu ya lengelenge la kawaida hupungua siku hadi siku. Yakianza kuongezeka baada ya siku ya pili, tahadhari. Angalia kama majimaji yamegeuka usaha wa njano au kijani, kama kuna harufu mbaya, kama uvimbe na joto vinaenea nje ya mipaka ya kidonda. Vitabu vingi huzungumzia wekundu unaoenea, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani hivyo. Utaona ngozi iliyokoza rangi kuliko kawaida, pengine ya zambarau au kijivu, iliyovutika na kung'aa. Basi usitegemee macho peke yake: weka mgongo wa mkono juu ya kidonda, kisha mahali palepale kwenye mguu wa pili, ulinganishe joto. Chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe, na ukiuvuka mstari baada ya saa chache, umepata jibu. Mstari unaopanda kutoka kidonda kuelekea juu ya mguu, mitoki iliyovimba kwenye kinena, homa au kutetemeka, hayo si ya kusubiri hadi kesho.

Wapo watakaoona ninatia chumvi kwa ajili ya lengelenge, nami nawaomba wakumbuke kisa cha kijana mmoja. Mwishoni mwa Juni 1924, Calvin Coolidge mdogo, mwana wa Rais wa Marekani wa wakati huo, mwenye umri wa miaka 16, alicheza tenisi katika uwanja wa Ikulu akiwa amevaa viatu bila soksi, akapata lengelenge kwenye kidole cha mguu. Vijidudu viliingia, vikafika katika damu, na madaktari wa rais hawakuwa na dawa ya kuvizuia. Alifariki tarehe 7 Julai mwaka huohuo. Penisilini iligunduliwa miaka 4 baadaye. Leo dawa zipo, lakini zinamsaidia yule tu aliyefika mapema kuzipata.

Nikuongezee jambo moja ambalo hukuuliza: kama kidonda kiliingiwa na udongo, na imepita miaka mingi tangu mwenyewe apate chanjo ya pepopunda, amtajie hilo mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Swali: Malengelenge yangu yanakaribia kupona na nimealikwa tena mlimani mwezi ujao. Nifanye nini yasirudi, na nitajuaje kwamba miguu iko tayari? — Msafiri wa mwezi ujao

Jibu: Viatu kwanza. Vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama itakavyovimba njiani, ukiwa umevaa soksi zilezile utakazopandia. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, ama sivyo utakaposhuka mteremko vidole vitagonga ukuta wa kiatu. Nyuma, kisigino kisicheze. Viatu vipya vitembeze majuma kadhaa katika safari fupi kabla ya kuvitegemea. Soksi za pamba hulowa na kukaa zimelowa. Za sufu au za nyuzi za viwandani hutoa unyevu nje, na wengi husaidiwa na kuvaa soksi nyembamba ndani ya nene, ili soksi iteleze juu ya soksi na kuinusuru ngozi.

Kuhusu kubandika plasta kabla ya safari, kuna jambo la kutia moyo kwa sababu ni rahisi. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Grant Lipman wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakimbiaji 128 wa mbio za jangwani za siku kadhaa, ambao walibandikwa plasta ya karatasi, ile nyembamba ya kushikilia shashi, katika sehemu za mguu zilizozoea kupata malengelenge. Malengelenge yalipungua kwa asilimia 40 yakilinganishwa na sehemu zisizobandikwa. Plasta hiyo haina gundi kali, hivyo hata lengelenge likitokea chini yake, inabanduka bila kuondoka na ngozi. Wewe unayajua maeneo yako. Yabandike asubuhi, ngozi ikiwa kavu.

Dawa za kuzuia jasho nazo zilijaribiwa kwa makadeti wa West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, kwenye matembezi ya kilomita 21, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998. Waliopaka dawa yenye kloridi ya alumini kwa angalau usiku 3 kabla ya safari walipata malengelenge kwa asilimia 21, na wasioipaka kwa asilimia 48. Tofauti ni kubwa, lakini zaidi ya nusu ya walioipaka waliwashwa ngozi, na kwa sababu hiyo siipendekezi kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ngozi yake inapona.

Na njiani, ukihisi mahali panapata moto ndani ya kiatu, simama papo hapo. Usisubiri kilele wala kituo cha chakula, wala usiwaonee haya wenzako. Joto lile ni tabaka za ngozi zikianza kuachana, na dakika 5 za kuvua kiatu, kukausha na kubandika plasta wakati huo huokoa majuma mawili ya baadaye.

Ama kuhusu utayari wa miguu, ngozi ya zamani ikikauka itabanduka yenyewe, na chini yake utakuta ngozi mpya laini, ing'aayo, yenye rangi iliyopauka au iliyokoza kuliko ya pembeni. Hiyo imefunga, lakini bado haijakomaa. Ibonyeze kwa kidole gumba kwa nguvu: ikiwa inauma, subiri. Isipouma, vaa soksi na viatu vya safari utembee nyumbani kwa nusu saa, kisha vua na ulinganishe visigino viwili kwa kuvigusa. Kile kilichougua kikiwa na joto kuliko mwenzake, kipumzishe siku mbili, halafu ukipime tena.